Alama Niliyomrudishia Maram

Faza,
Kisiwa cha Pate, Lamu.
9 Februari 2026,
sawa na 21 Shaabani 1447.

Mpendwa Ami Abdulkadir,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta umeketi, maana bintiyo Fahima ameniambia kwamba daktari wa huko Maskati amekukataza ngazi, nawe kila asubuhi unapanda darini kutazama tangi la maji kana kwamba litaibiwa. Goti linaendeleaje? Na macho je? Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe. Ikikushinda, mpe Fahima akusomee, ila umwonye asiruke pahala ninapojilaumu, kwa sababu habari yenyewe iko hapo.

Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Mama alishikwa na kikohozi wiki mbili, sasa amepona na amerudi kugombana na punda wa jirani anayelala mlangoni petu kule mjini Amu. Mimi naingia mwaka wa tatu hapa Faza, chumba kile kile, na dirisha lile lile linalotazama uwanja wa shule. Mwisho wa wiki nikipata boti huvuka kwenda kumwona Mama, na kila nikifika hunitazama mikono kwanza, aone kama kilimo kimeshaiharibu. Haijaharibika hata kidogo, na utaona kwamba hilo ndilo lililoniletea aibu.

Barua hii anakuletea Husni, jirani yetu, anayesafiri Alhamisi. Ningeweza kukutumia sauti kwa simu kama wafanyavyo watu wote, lakini wewe husema maneno ya simu hayashikiki mkononi, na haya nataka uyashike.

Nakuandikia kukushukuru, Ami. Nina shukrani mbili, moja ya mwezi uliopita na moja ya miaka ishirini. Ile ya mwezi uliopita niliipokea kwa hasira, kwa hivyo naanza nayo.

Shule zilipofunguliwa Januari tulipata habari njema. Shule moja ya bara, yenye shamba lake, mifugo na maabara, ilitutengea nafasi mbili za mwakani kwa watoto wetu wa Gredi ya Tisa wanaotaka kuendelea na kilimo. Majina yalitakiwa yafike kabla ya wiki hii, nayo yachaguliwe kwa jaribio la mwalimu wa somo. Mwalimu wa somo ni mimi, Nasreen, mwana wa nyumba ya mawe, ambaye chuo kikuu kilimpa kilimo kwa sababu nafasi za somo alilolitaka zilikuwa zimejaa. Wewe ulicheka siku ile mpaka ukapaliwa na kahawa. Ukasema ukoo wetu una mafundi wa chokaa, wafanyabiashara na makadhi wawili, na sasa Mungu ametuletea mkulima wa karatasi.

Basi mkulima wa karatasi aliketi akatunga maswali kumi. Niliyapenda, Ami, sitakuficha. Nikayapiga picha nikakutumia kupitia Fahima ili unisifu. Jibu lako lilirudi baada ya siku mbili, sentensi mbili tu: "Kiingereza ni kizuri. Sasa msomee mtu mwenye jembe." Nikakasirika. Nikamwambia Mama kwamba Ami amezeeka, anadhani mitihani bado inaandikwa ubaoni. Sikumsomea mtu, niliyachapisha nikawapa watoto.

Matokeo yakatoka hivi. Ghassan, mtoto mtulivu wa dawati la mbele, alipata tisa. Aaliya, ambaye ulimi wake haupumziki hata akila, naye alipata tisa. Maram alipata tano.

Lazima nikujulishe Maram. Wazazi wake wanalima Kililana, na yeye anakaa hapa Faza kwa nyanyake, Bi Barka, ili asome. Ni mtoto wa maneno machache. Ndiye aliyenionyesha mwaka jana kwamba mche niliouita mchicha mbele ya darasa zima ulikuwa gugu, na alinionyesha kwa kuninong'oneza, watu wasisikie. Kama kuna mtoto mmoja kisiwani humu anayeistahili nafasi ile, ni yeye, na moyo wangu ulilijua hilo kabla ya jaribio na baada yake. Lakini nikasema alama ni alama.

Tena nikazidi. Swali la tatu liliuliza wakulima hupanda mahindi lini. Nilitaka waandike mwezi wa tatu, mvua zinapoanza. Maram aliandika: siku ya mia mbili na arubaini. Nilitazama kalenda ya ukutani nikahesabu, ikaniangukia mwisho wa Agosti, kukavu. Nikaona ananichezea. Nikalipiga jibu lake mkasi mwekundu wa kosa, nikaandika pembeni, "Acha mzaha," kisha, Mungu anisamehe, nikalisoma jibu lake mbele ya darasa. Wengine walicheka. Wale watoto wa mashamba hawakucheka, wakawa wananitazama tu, nami sikujiuliza kwa nini.

Tangu siku ile Maram hakuinua mkono tena. Wiki iliyofuata nilikuta jina lake limefutwa kwenye orodha ya bustani ya shule, limefutwa kwa kifutio, taratibu, bila kuchana karatasi.

Kilichonizindua ni Aaliya. Nilimwita nimpongeze, nikamwuliza amesoma vipi, maana daftari lake nalijua, lina michoro ya hina kuliko maneno. Akanijibu bila hata kupepesa jicho, "Mwalimu, mimi sikusoma. Wewe jibu la sawa hulifanya refu. Mimi hutafuta lenye maneno mengi." Nikalichukua lile jaribio nikalitazama upya mbele yake. Ni kweli, Ami. Katika maswali ya kuchagua, jibu sahihi nimelipamba kila mara kama bibi harusi, na yale ya uongo nimeyaacha na maneno mawili matatu. Mtoto amefaulu kwa kupima urefu wa mistari.

Ndipo sentensi zako mbili zikanirudia. Alasiri ile ile nilichukua karatasi yangu nikaenda kwa mtu mwenye jembe. Sikuchagua kwa ajili ya Maram, nilimchagua Bi Barka kwa sababu kila mtu hapa akitaka mbegu au ushauri huenda kwake. Nilimkuta ukumbini anapepeta simsim. Maram alikuwa ndani. Aliniletea chai, akaiweka, akarudi bila kuniangalia usoni.

Nikamwomba Bi Barka nimsomee maswali, nikiyageuza kwa Kiswahili. Akakubali, ungo haukusimama. Nikaanza na nililoliona jepesi, la kweli au si kweli: mbolea ya wanyama ni nzuri kwa mimea. Akaniuliza, "Mbolea mbichi au iliyooza?" Nikamwambia swali halisemi. Akasema, "Basi nami siyui. Mbichi ya punda huunguza. Mwaka juzi tungule zangu zote ziliungua, mwulize Maram, ndiye aliyezing'oa." Maram katika swali lile aliandika si kweli, nami nikamkata alama.

Nikamsomea lile la kuchagua ambalo nililionea fahari kubwa, lililouliza ni lipi kati ya haya si sababu ya kutofanya kilimo mseto. Ungo ukasimama. Akaniambia nilirudie. Nikalirudia. Akasema, "Mwanangu, wataka kuyua nini?" Nami, Ami, nikiwa nimekaa kwenye mkeka na chai mkononi, sikuweza kumjibu kwa Kiswahili nilitaka kujua nini. Kumbe lugha ya kigeni ilikuwa inanifichia hilo.

Nikamwonyesha pia picha ya plau la ng'ombe, ambalo watoto walitakiwa wataje sehemu zake. Akaigeuza juu chini, akauliza kama ni kitu cha meli.

Kisha nikafika swali la tatu. Wakulima hupanda mahindi lini?

"Wapi?" akauliza.

"Hapa kwetu."

"Karatasi yasema hapa kwetu?"

"Haisemi, Bi Barka."

"Na mvua ipi, ya mwaka au ya vuli?"

"Ya mwaka," nikasema, nikimaanisha masika, na hilo pia halikuwamo.

"Ya mwaka ni mia mbili na arubaini, Mngu akituletea mvua," akasema, ungo ukaanza tena.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, siku ya mia mbili na arubaini ya nini. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Ya Nairuzi, mwanangu. Siku ya mwaka mpya wetu. Nti yote hii tumelima kwa hisabu hiyo. Kwani nyinyi Amu huhisabu kwa nini?"

Nilihesabu pale pale kwa vidole, kuanzia Nairuzi ya mwezi wa saba. Ikaangukia mwezi wa tatu, siku ishirini na mbili. Jibu la Maram lilikuwa sahihi kuliko langu. Mimi nilikuwa na mwezi mzima, yeye alikuwa na siku.

Na kuna jambo jingine, Ami, ambalo nataka unithibitishie. Nyumbani Amu, katika ukuta wa kiwanda, ule ua wa ndani karibu na kisima, palikuwa na vistari vya makaa, kumi kumi, vimepangwa safu. Nikiwa mdogo nilidhani ni hesabu za mafundi. Vilikuwa miongo ya Nairuzi ya Babu, siku kumi kumi, sivyo? Nimemwuliza Mama, akasema hajui, alikuta vimechafua ukuta akavipaka chokaa. Kwa hivyo jibu lilikuwa kwetu tangu awali, nami nimempiga mtoto wa watu mkasi kwa jambo ambalo babu yangu aliliandika nyumbani.

Sikumwambia Bi Barka chochote kuhusu alama. Nilishindwa. Nilimaliza chai nikaaga, na nilipopita mlangoni nilimwona Maram amekaa na kitabu kimefunguka asichokisoma. Alikuwa amesikia kila neno.

Hapa ndipo naja kwenye shukrani ya pili, ile ya miaka ishirini, maana ndiyo iliyonisaidia nisijifiche.

Unakumbuka darasa la sita? Wewe ulikuwa mwalimu wetu wa hesabu, na mimi nilikuwa nakuita Mwalimu shuleni na Ami nyumbani, nikikosea unanikunjia uso. Ulituuliza: fundi mmoja hujenga ukuta kwa siku nne, je, mafundi wawili wataujenga kwa siku ngapi? Wote waliandika mbili. Mimi niliandika nne, kwa sababu nilimsikia Babu akisema chokaa hukauka kwa wakati wake hata ukileta mafundi mia. Ukanikosoa. Nililia njia nzima. Asubuhi yake uliingia darasani, hukuandika hata tarehe ubaoni, ukasema mbele ya watoto arubaini: "Nasreen, swali langu lilikuwa bovu, si jibu lako. Sikusema kama chokaa inahesabiwa." Ukaniita mbele, ukakata mkasi wako mwenyewe, ukaandika alama upya na sahihi yako pembeni.

Karatasi ile ninayo mpaka leo, Ami. Iko ndani ya msahafu wangu. Sijapata kukuambia. Watu hufikiri nimekuwa mwalimu kwa sababu ya cheti, lakini nimekuwa mwalimu kwa sababu ya asubuhi ile. Nilijua kuanzia hapo kwamba mtu mzima anaweza kukosea mbele ya watoto na paa lisianguke.

Basi siku ya pili nilikwenda kwa naibu mkuu, Bwana Murithi. Ni mtu wa Meru, mpole, anayependa karatasi zikae sawa. Nikamwambia jaribio langu ni bovu, nataka nilifute nilirudie. Akavua miwani. "Madamu, maksi zishaingia kwa mtambo, na majina yanaenda Ijumaa. Sasa tutasema nini, ati mwalimu alifeli?"

Nikamwambia ndiyo, tuseme hivyo hivyo. Nadhani aliona kwamba sitoki pale. Mwishowe akakubali kwa sharti moja, maswali mapya yasomwe na mtu mwingine kabla ya kufika darasani. Nikamwambia msomaji ninaye.

Siku tatu nilizotunga maswali yale zilinitoa jasho kuliko shahada. Kila swali nililiuliza jambo moja tu. Nilitaja pahala, nilitaja mvua, nilitaja kalenda, nikasema wazi kwamba hesabu ya Nairuzi inakubalika. Majibu ya kuchagua niliyapima kwa rula yawe na urefu mmoja. Plau nikalitoa nikaweka jembe la mkono. Bi Barka aliyasikiliza yote, akanirudishia manne, nikayaandika tena, akanirudishia moja. Hilo moja alipolisikia tena akajibu papo hapo bila kuniuliza neno, nami nikajua limekuwa swali.

Jumatano iliyopita niliingia darasani na karatasi mpya. Kabla ya kuzigawa nilisimama, nikasema maneno yako. Sikuyabadilisha hata moja. "Maram, swali langu lilikuwa bovu, si jibu lako." Nikawaeleza kuhusu Nairuzi na kosa langu, na kwamba nilimcheka mtu aliyekuwa anajua zaidi yangu. Nikaichukua karatasi yake ya kwanza, nikakata mkasi wangu, nikaweka alama na sahihi pembeni. Nilitaraji labda atalia au atatabasamu. Alichukua kalamu, akaangalia kama ina wino, akangoja karatasi.

Ghassan amepata tisa tena. Maram amepata tisa. Alilolikosa lilikuwa kazi ya naitrojeni katika mmea, na hilo alilikosa kweli, hakukoseshwa na mimi. Aaliya amepata nne, akaja mezani kwangu amenuna. "Mwalimu, yote umeyafanya sawasawa, umenimaliza." Nikamwambia nitamfundisha alasiri, akitaka. Amekuja siku mbili mfululizo, na anasema mno lakini anaandika.

Majina ya Ghassan na Maram yaliondoka Ijumaa. Leo Bwana Murithi amenionyesha jibu kwenye simu yake kabla hata sijaweka mkoba chini. Yamekubaliwa yote mawili. Nilipompelekea Bi Barka habari aliinua mikono akaomba dua ndefu, na ndani yake akakuombea wewe, ingawa hajui jina lako. Nilimwambia tu kwamba nina ami aliyenituma kwake. Akasema Mngu amuweke huyo ami, amefundisha hata asikokuweko.

Nimekufungia maswali mapya pamoja na barua hii. Yasahihishe kwa wino mwekundu, usinihurumie. Safari hii yalikuwa tisa. La tisa lilikuwa na alama mbili, nalo nililitoa katika funzo lako: niliwataka kila mmoja aandike swali moja ambalo mwalimu anapaswa kuuliza, liwe wazi, lisihitaji maelezo. La Maram nimelinakili hapa kama alivyoliandika: "Hapa Faza, kwa hesabu ya Nairuzi, leo ni siku ya ngapi?" Nimempa zote mbili. Halina kosa, Ami. Limetaja pahala, limetaja hesabu, limeuliza jambo moja. Tatizo ni kwamba mwalimu hakuweza kulijibu papo kwa papo.

Nisalimie sana Fahima, na umwambie asante kwa kuwa miguu yako na macho yako. Mama, Bi Radhiya wako, anakusalimu na anasema kama ukuta ule ulikuwa na maana ungemwambia mapema. Bwana Murithi naye anakusalimu, ameniuliza kama unachukua wanafunzi. Ramadhani iko mlangoni, Mwenyezi Mungu atufikishe sote, akupe afya ya kufunga na kusimama, na akulipe kwa kila mtoto uliyewahi kumrudishia alama yake.

Wako akupendaye, mwana wa nduguyo,

Nasreen

Juu kule nimeandika tarehe mbili. Ya tatu nimeiacha mpaka hapa, kwa kuwa nilitaka kuihesabu mwenyewe, bila kumwuliza Maram, kwa vistari vya penseli nilivyovichora kwenye ukuta wa chumba changu: leo, hapa Faza, ni siku ya mia na tisini na tisa tangu Nairuzi. Zimebaki siku arubaini na moja, na Bi Barka ameniagiza siku hiyo nije shambani kwake na jembe langu. Kama nimekosea hesabu, nikate alama.